Rangi ya Gari la Polisi

Mzazi, mtoto wako amepata karatasi yenye picha. Ni picha ya mjini: barabara, maghorofa, watoto, na gari la polisi. Anataka kuipaka rangi. Keti naye, mpake pamoja. Vidole vyake vinajifunza kushika kalamu.

Taa ya gari la polisi ni ya buluu, na kalamu ya buluu hamna. Mtoto anakimbilia kopo la rangi ya mlango. Mzuie hapo hapo!

Rangi nyingi za mafuta, hasa za zamani, zina risasi. Ni madini yale yale ya kutengenezea risasi za bunduki. Huchanganywa katika rangi ili ikauke upesi. Huwezi kuiona. Mtoto akilamba vidole, inaingia tumboni. Mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Huharibu ubongo na kupunguza damu. Mtoto hushindwa masomo, na sisi humwita mvivu bure. Ubongo ukisha kuharibika, hakuna dawa ya kuurudisha.

Basi, magurudumu yapakeni kwa mkaa. Manjano mbichi ya shambani yatafaa kwa nyumba. Taa iacheni nyeupe. Kisha mwoshe mikono kwa sabuni.

Na rangi inayobanduka mlangoni? Usiikwangue ikiwa kavu, kwani vumbi lake ni baya sana. Ilowanishe maji kwanza, watoto wakiwa mbali.