Kemia ya Maumbo (5): Kijana wa Utrecht na Vipande Vyake vya Karatasi

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025, iliyotangazwa Stockholm tarehe 8 Oktoba, iliwaendea watu watatu: Susumu Kitagawa wa Kyoto, Richard Robson wa Melbourne na Omar Yaghi wa Berkeley. Habari nyingi zilimhusu Yaghi, na anastahili, maana ni mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina aliyezaliwa Amman. Mimi nimevutwa zaidi na Robson, na hasa na kazi aliyopewa mwaka 1974, ambayo wasomi wengi wangeikwepa wakiiona ni kibarua. Alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Melbourne, akatakiwa atayarishe vitufe vya mbao vya kuwakilisha atomu, ili wanafunzi waviunganishe kwa vijiti na kujenga molekuli. Karakana ya chuo ingetoboa matundu, lakini yeye ndiye aliyepaswa kuweka alama ya kila tundu.

Alama hizo haziwekwi ovyo. Kila elementi ina idadi yake ya bondi na pembe zake baina ya bondi hizo. Vitufe vilipotobolewa na Robson akaanza kuviunga, aliona kwamba tundu likiwa mahali pake, umbo la molekuli hutoka lenyewe bila kulazimishwa. Maarifa yote yalikwisha kuingia kwenye mbao kabla kijiti cha kwanza hakijachomekwa. Wazo hilo alikaa nalo zaidi ya miaka 10. Alipolifanyia kazi, alichukua ioni za shaba, ambazo hupenda kushikwa na majirani wanne, akaziunganisha na molekuli yenye mikono minne ambayo kila mmoja unaishia kwenye nitrojeni. Mwaka 1989 alitangaza matokeo: fuwele iliyojipanga kama almasi, ila ndani yake mna nafasi kubwa tupu. Kitagawa na Yaghi wakaendeleza mpaka tukapata vitu vyenye vyumba vya ndani ambavyo gramu zake chache zina eneo la kiwanja cha mpira.

Msomaji aliyekuwa nasi tangu sehemu ya kwanza anajua kaboni ina bondi nne, na anajua kwamba jozi ya elektroni ndiyo inayofunga atomu mbili. Swali la leo ni moja. Nani alituambia kwanza matundu yawe wapi?

Mwanzoni yalikuwa mahali pasipo pake. Tarehe 7 Aprili 1865, huko London, August Wilhelm Hofmann alitoa mhadhara mbele ya hadhira ya Royal Institution akiwa na mipira ya mbao ya mchezo wa kroketi. Aliipaka rangi: kaboni nyeusi, hidrojeni nyeupe, oksijeni nyekundu, nitrojeni bluu, klorini kijani. Rangi hizo zimedumu hadi leo, na atakayefungua programu yoyote ya kuchora molekuli kwenye kompyuta atazikuta. Lakini methani ya Hofmann ilikuwa bapa: mpira mweusi katikati na minne myeupe ikiuzunguka kama alama ya kujumlisha, yote katika usawa mmoja. Hofmann hakudai kwamba ndivyo atomu zilivyo kweli. Kwa wakemia wa zama zake, kuuliza atomu zimekaaje angani kulikuwa sawa na kuuliza jambo lisilojulikana wala lisiloweza kujulikana.

Hapa ndipo anapoingia kijana ninayempenda kuliko wakemia wote, Jacobus Henricus van 't Hoff, aliyezaliwa Rotterdam mwaka 1852. Septemba 1874, akiwa na umri wa miaka 22 na bado hajapata hata udaktari wake, alichapisha Utrecht kijitabu chembamba kwa Kiholanzi, lugha ya mama yake. Nasema hivyo kwa makusudi, maana wapo kwetu wanaoshikilia kwamba sayansi haiandikiki kwa lugha ya nyumbani. Mwaka uliofuata alikipanua kwa Kifaransa, na dunia ikamsikia. Lakini fikra ilizaliwa kwa Kiholanzi.

Hoja yake mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuifuata, nami naomba msomaji achukue kalamu. Chora kaboni katikati na bondi nne bapa kama za Hofmann. Sasa ondoa hidrojeni mbili, weka klorini mbili. Utaona kuna njia mbili za kuziweka: zikiwa jirani, au zikitazamana pande mbili za kaboni. Kwa hiyo, kama kaboni ingekuwa bapa, tungekuwa na dikloromethani za aina mbili, kila moja na tabia zake. Wakemia walikuwa wakishughulika na kiowevu hicho kwa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuona aina ya pili. Sasa ziinue bondi kutoka kwenye karatasi, uzielekeze kwenye pembe nne za tetrahedroni, lile umbo la nyuso nne za pembetatu. Jaribu kuweka klorini mbili popote utakapo. Kila ukiligeuza, ni umbo lilelile. Aina ni moja tu, kama chupa za maabara zilivyoshuhudia siku zote.

Kisha akaenda mbele. Ukiweka vitu vinne vilivyo tofauti kwenye pembe hizo, unapata maumbo mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, ambayo hayawezi kulaliana yakalingana. Hapo fumbo la fuwele za Pasteur za mwaka 1848, tulilolisimulia katika sehemu ya pili, likafumbuka. Likafumbuka pia fumbo la Johannes Wislicenus, aliyekuwa ameona kwamba asidi ya laktiki itokayo kwenye maziwa yaliyochacha na ile itokayo kwenye nyama zina atomu zilezile zilizoungana kwa mpangilio uleule, lakini haziifanyii nuru jambo moja. Miezi miwili baada ya kijitabu cha Utrecht, Joseph Achille Le Bel alitoa Paris wazo linalokaribiana sana na hilo. Mwaka huohuo wote wawili walikuwa wamefanya kazi katika maabara moja, ya Adolphe Wurtz, na inasemekana hawakuwahi kulizungumza. Le Bel hakuhitaji kusisitiza tetrahedroni. Van 't Hoff aliikata kwenye karatasi ngumu, akaikunja, akaipaka rangi pembe zake, akawapelekea wakemia wakubwa wa Ulaya ili waishike. Baadhi ya vipande hivyo vimehifadhiwa mpaka leo katika Makumbusho ya Boerhaave, Leiden.

Si wote waliovipokea kwa shukrani. Mwaka 1877 tafsiri ya Kijerumani ilipotoka, ikiwa na dibaji ya Wislicenus, Hermann Kolbe alishika kalamu. Kolbe hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyetengeneza asidi ya siki kutoka vitu visivyo vya uhai mwaka 1845, na njia yake ya kutengeneza asidi ya salisili ndiyo iliyofungua mlango wa aspirini. Alikuwa profesa wa Leipzig na mhariri wa jarida lake mwenyewe. Katika jarida hilo alimdhihaki van 't Hoff, ambaye wakati huo alikuwa ameajiriwa katika chuo cha mifugo cha Utrecht, kwamba ni mtu asiye na hamu ya utafiti wa kweli, ameazima farasi mwenye mabawa kutoka chuo chake cha mifugo ili aruke kutangaza jinsi atomu zilivyojipanga angani. Hata Wislicenus, kwa kumuunga mkono kijana, hakusalimika.

Kila nikiisoma habari hii nasikitika kwa ajili ya Kolbe kuliko kwa ajili ya yule kijana. Mtu aliyetumia maisha yake kuonyesha kwamba mwanadamu anaweza kuunda asichokiona alikataa kuamini kwamba mwanadamu anaweza kukiwaza. Cheo kilimzuia kuchukua kipande cha karatasi na kukigeuza mkononi, jambo ambalo lingemchukua dakika chache. Na walimu wa namna hiyo hawakwisha na karne ile. Tunao wanaomnyamazisha mwanafunzi anayeuliza kwa nini molekuli ya maji imepinda, wakamwambia aandike kama ilivyo ubaoni kwa sababu ndivyo mtihani unavyotaka.

Van 't Hoff hakujibu kwa matusi. Mwaka uliofuata, 1878, alipopewa uprofesa Amsterdam, hotuba yake ya kwanza ilihusu nafasi ya ubunifu wa akili katika sayansi. Alikuwa amepitia wasifu wa wanasayansi wapatao 200, akaonyesha kwamba wengi wa walio bora kabisa walikuwa pia na kipaji cha kuwaza kisanii. Mwaka 1901 Tuzo ya Nobel ya Kemia ilipotolewa kwa mara ya kwanza, ilikuwa yake, ingawa ilitolewa kwa kazi nyingine aliyoifanya baadaye.

Tetrahedroni ilieleza kaboni, haikueleza sababu. Sababu ilingoja elektroni. Mwaka 1939 Ryutaro Tsuchida wa Japani, na mwaka 1940 Nevil Sidgwick na Herbert Powell wa Oxford, walitoa wazo kwamba umbo hutokana na jozi za elektroni zilizoizunguka atomu ya katikati, ziwe zimefunga bondi au la. Mwaka 1957 Ronald Gillespie na Ronald Nyholm, wote wa Chuo Kikuu cha London, tawi la University College, waliliweka katika kanuni ambazo leo zinafundishwa dunia nzima. Nyholm, ambaye alikulia Broken Hill, Australia, mji wa migodi wenye mitaa inayoitwa Oxide, Chloride, Sulphide na Bromide, alifariki katika ajali ya gari mwaka 1971. Gillespie alihamia Kanada, akaishi hadi mwaka 2021.

Kanuni yenyewe ni fupi. Jozi za elektroni zina chaji ya aina moja, kwa hiyo husukumana, kila moja ikijitenga na nyingine kadiri nafasi inavyoruhusu. Jozi mbili hukaa mkabala, nyuzi 180. Tatu hujigawia bapa, nyuzi 120. Nne huenda kwenye tetrahedroni, nyuzi 109.5. Chukua maputo manne uyapulize, uyafunge pamoja shingoni: bila kuambiwa na mtu, yatakaa kitetrahedroni.

Jozi pweke, ile isiyofunga bondi, hutanuka kuliko zenzake kwa kuwa inavutwa na kiini kimoja tu badala ya viwili. Ndiyo maana methani ina nyuzi 109.5, amonia yenye jozi pweke moja imebanwa mpaka karibu 107, na maji yenye mbili yamebanwa mpaka 104.5. Tabia hii ndiyo inayomfanya mtu aweze kutabiri. Mwaka 1962 zenoni, gesi iliyodhaniwa haiungani na chochote, ilipoungana na florini, ungeweza kuhesabu jozi zake sita kwenye zenoni tetrafloridi, ukaziweka mbili pweke mkabala, ukasema molekuli itakuwa mraba bapa kabla hujaipima. Na ilipopimwa, ndivyo ilivyokuwa.

Nafasi inaniishia, na kuhusu ncha niseme machache tu, ingawa ndizo zinazomgusa msomaji kila siku. Atomu zinazogawana elektroni hazizivuti kwa nguvu sawa. Upande mmoja wa bondi ukawa hasi kidogo, wa pili chanya kidogo, na hizo ndizo ncha zake. Lakini usiihukumu molekuli kwa bondi zake kabla ya kuliona umbo lake. Dioksidi ya kaboni ina bondi mbili zenye ncha, ila zimekaa mkabala, zinafutana, jumla ni sifuri. Maji nayo ni bondi mbili, ila yamepinda, na jumla yake ni debye 1.85, kipimo kilichopewa jina la Peter Debye wa Maastricht. Mfano unaowaangusha wengi ni amonia na trifloridi ya nitrojeni. Florini huvuta elektroni kuliko elementi zote, mtu akadhani molekuli yake itaishinda amonia. Amonia ina debye 1.47, ile ya florini 0.23 tu. Zote mbili ni piramidi, zote zina jozi pweke kileleni. Katika amonia jozi hiyo na bondi tatu zinavuta upande mmoja. Katika ile ya pili florini zinavuta kwenda chini huku jozi pweke ikielekea juu, zikapunguzana. Hata washindi wa mwaka 2025 wanaishi kwa kanuni hii: Yaghi amekamua maji ya kunywa kutoka kwenye hewa ya jangwa la Arizona kwa sababu maji, kwa kuwa yana ncha, hunaswa ndani ya vile vyumba vya fuwele usiku, na jua la mchana likayaachia.

Nimeyaona madaftari mengi yenye jedwali la maumbo lililonakiliwa kwa wino wa rangi mbili, na mwenye daftari hajawahi kushika hata umbo moja. Walimu wenzangu, vifaa havihitaji bajeti ya wizara. Udongo wa mfinyanzi, vijiti vya meno, karatasi ya boksi la sabuni, mkasi na gundi vinatosha darasa zima, na kipindi kimoja kinatosha kujenga methani, amonia na maji. Mwacheni mwanafunzi aweke klorini mbili bapa, halafu kwenye tetrahedroni, aseme mwenyewe kwa nini umbo bapa la Hofmann halifai. Jedwali lifuate baadaye.

Sehemu ya sita itahusu sabuni, yenye kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Kabla ya hapo, kila msomaji atengeneze tetrahedroni mbili za karatasi, apake pembe zake rangi nne, kisha ajaribu kuzifanya zisilingane kabisa. Tutazihitaji.