Bawaba za kutoa: kwa meza ya soko na kwa sanduku la michezo ya watoto



Likizo inakaribia, na watoto wa kartie wanatayarisha mchezo wao wa jukwaani. Safari hii wanataka kuonyesha kiini macho: mtoto anaingia katika sanduku, mlango unafungwa, unafunguliwa, hayumo. Wanahitaji sanduku, meza na paravani. Vyote vitengenezwe nyumbani, na vyote vibomolewe ili vibebwe kichwani. Anayeishi Bukavu anajua maana yake: meza nzima haipandi kilima cha Kadutu bila kuchosha shingo ya mtu. Mama anayeuza sokoni ana shida hiyohiyo kila asubuhi. Kwa hiyo juma hili tuongee juu ya bawaba zinazotoka.

Bawaba ziko za namna nyingi, lakini kwa kazi yetu tuangalie mbili.

Ya kwanza ni ile mafundi wetu wanaita pomeli. Ina vipande viwili: cha chini kina pini iliyosimama, cha juu kina tundu. Mlango unashikwa na uzito wake mwenyewe. Ukitaka kuutoa, unauinua juu tu. Ni nzuri kwa mlango wa sanduku na kwa paravani, maana pini yake inasimama wima. Lakini pomeli ina mkono: kuna ya kulia na kuna ya kushoto. Ukigeuza ya kulia juu chini ili iwe ya kushoto, pini itaangalia chini na mlango utaanguka. Paravani yenye mabawa mawili yanayojikunja mbele inataka jozi moja ya kulia na jozi moja ya kushoto. Mwambie muuzaji hivyo kabla ya kulipa. Tena, pini zote za mlango mmoja ziangalie upande mmoja, la sivyo mlango hautatoka kamwe.

Ya pili ni bawaba ya kawaida ya mabawa mawili, lakini pini yake haikugongwa kichwa pande zote mbili, inachomolewa. Hii ndiyo ya meza. Kwenye meza, bawaba inalala. Ukitia pomeli, itateleza pembeni wakati wa kubeba, na mguu utabaki njiani. Ukikosa bawaba ya pini ya kuchomoa, fundi anaweza kutoa pini ya zamani na kuweka msumari mnene unaojaa tundu vizuri. Kichwa cha msumari kinazuia upande mmoja. Upande wa pili atoboe tundu dogo, mpitishe waya na kuukunja. Pini inayocheza ndani ya tundu ni mbaya: leo inacheza kidogo, baada ya miezi miwili meza inayumba kama mlevi.

Sasa jambo ambalo wengi wanalisahau. Bawaba ni ya kugeuza, si ya kubeba. Uzito wa unga, wa mafuta au wa mtoto uende juu ya mbao, yaani ubao wa meza ukalie mguu wenyewe. Na bawaba peke yake haizuii mguu kukunjika. Lazima kuwe na kulabu, au ubao wa kukingama kati ya miguu. Meza nyingi zinazoanguka sokoni, bawaba zake ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni kile kikulabu kidogo.

Mkitumia tripleksi nyembamba, msitegemee visi fupi. Zitang'oka na vipande vya mbao. Wekeni kipande cha ubao mnene nyuma yake, au tieni bolti inayopita upande wa pili, na rondela chini ya nati. Na bawaba ikilia, paka sabuni kavu au nta ya mshumaa. Sokoni kelele si kitu, lakini jukwaani bawaba inayolia inamwambia kila mtu mlango wa siri uko wapi.

Kabla ya siku yenyewe, jaribuni. Meza wekeeni mzigo mkubwa kuliko ule mtakaoutumia, muiache usiku mzima. Andikeni alama kwenye kila bawa na pini yake, A kwa A, B kwa B, na pini mzifunge kwa kamba kwenye ubao zisipotee.

Kwa sanduku, kuna sheria ambazo hatutakubali kuzipunguza. Mlango ufunguke kutoka ndani kwa msukumo wa mkono wa mtoto. Kusiwe na kufuli. Kuwe na matundu ya hewa. Pini ya kuchomoa ibaki upande wa nje, na mtu mzima asimame karibu nayo muda wote. Mtoto akigonga mara mbili, mchezo umekwisha, hata kama watu wanacheka. Na vidole vya wadogo visikaribie bawaba.

Limebaki neno moja, nalo ndilo zito. Katika nchi yetu watoto wameshutumiwa uchawi, wamepigwa, wamefukuzwa nyumbani. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza jambo hilo na kuliadhibu, lakini sheria haiko katika kila ua. Ndiyo maana baadhi ya wamama waliuliza: mtoto akitoweka mbele ya watu, kesho jirani atasema nini?

Swali hilo ni la haki. Kiini macho kimekwisha kutumiwa kutisha watu. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimtuma Jean-Eugène Robert-Houdin, mtu aliyejifunza kazi ya kutengeneza saa, aende Algeria kuwaonyesha watu kwamba nguvu za Wafaransa zinashinda za marabuti wao. Alikuwa na sanduku dogo jepesi. Kisha mwanaume mwenye misuli anashindwa kuliinua. Chini yake kulikuwa na sumaku ya umeme. Uchawi haukuwemo, kulikuwa na ufundi uliofichwa na watu waliotishwa.

Sisi tumechagua njia nyingine. Wenye kazi ya kiini macho hawapendi kutoa siri zao, na vijana wetu walinung'unika kidogo. Lakini siri haizidi mtoto. Mchezo ukiisha, sanduku litawekwa katikati ya watu. Watoto wenyewe watachomoa pini, watainua mlango kwenye pomeli, watapitisha mbao kutoka mkono hadi mkono, na yule aliyetoweka ataonyesha alipojificha. Bibi na babu waguse bawaba wao wenyewe.

Hapo ndipo faida ya bawaba ya kutoa inaonekana mara mbili: inarahisisha kubeba, na inaonyesha kwamba ndani hamna kitu ila mbao, chuma na akili ya watoto wetu. Baada ya likizo, mbao hizohizo zitakuwa meza ya mama mmoja sokoni. Mwenye bawaba za zamani nyumbani azilete kwenye mkutano wetu, tuzichague pamoja.