Jezi Feki Ilivyotununisha Mpanda

Wanandoa wengi hugombana kwa sababu ya simu. Sisi tuligombana kwa sababu ya jezi.

Mume wangu amehamishiwa Mpanda kikazi, mimi nimebaki Dar. Nilipokwenda kumwona nilishuka stesheni nikiwa hoi, maana kutoka Dar kwa treni, upitie Tabora ndiyo ukaitafute Mpanda, si mchezo. Ilikuwa wiki ya Simba na Yanga. Yeye ni Simba damu, mimi Yanga, na wiki hiyo nyumbani kwetu hakunaga amani. Nikasema safari hii nimfanyie sapraizi. Pale Kashaulili kijana mmoja alikuwa ametundika jezi nyekundu na za kijani. "Dada, elfu kumi na mbili tu, chukua na ya shemeji." Nikabeba mbili.

Jioni nikamkabidhi zawadi yake. Akageuza kola, akachungulia nembo, uso ukabadilika. "Mke wangu, hii feki. Unajua ukinunua hii unaiibia timu?"

Jamani! Mtu umesafiri njia yote ile, unaishia kuitwa mwizi. Nilinuna mpaka siku ya mechi. Banda umiza tulikaa benchi moja bila kusemezana. Nikawaangalia waliotuzunguka: wachimba dhahabu, bodaboda, wauza mchele, na kwa macho yangu nusu yao walivaa jezi kama zangu. Wote hawa wezi?

Kesho yake nikarudi kwa yule kijana, si kudai pesa yangu, nilitaka tu kumsikia. Akaniambia mzigo anauchukua Kariakoo, na kuna mwaka alinyang'anywa robota zima kwenye msako, mtaji ukaishia hapo. "Na mimi ni Simba, dada. Lakini orijino hapa wananunua wenye mshahara. Mkulima wa tumbaku atavaa nini?"

Niliporudi Dar nikaanza kuchimba. Klabu ikisajili nembo yake BRELA, nembo hiyo inalindwa na sheria ya mwaka 1986 ya alama za biashara, sawasawa na nembo ya soda. Tume ya Ushindani, FCC, nayo inatumia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 kukamata na kuteketeza bidhaa bandia. Wanaosakwa ni anayetengeneza na anayeuza. Anayevaa haguswi. Kwa hiyo mwizi sikuwa, na hilo nilimpigia simu mume wangu usiku uleule kumwambia!

Ila kwenye pesa alikuwa na pointi. Mwaka 2021 Simba iliipa Vunjabei kazi ya jezi kwa shilingi bilioni 2 kwa miaka miwili. Mwaka 2025 ikasaini na Jayrutty mkataba wa zaidi ya bilioni 38 kwa miaka mitano. Anayeweka fedha za namna hiyo anategemea kuzirudisha kwa jezi mojamoja, na kila feki inayouzwa inamla yeye, kisha inaila klabu mkataba mwingine ukifika. Mimi naishi kwa kuandika. Nikikuta makala yangu imenakiliwa mahali bila hata jina langu, huwa silali. Siwezi kumtetea mwenye kiwanda cha kughushi nembo.

Yule kijana ndiye anayenipa shida. Maneno yake yalishawahi kufika mahakamani, tena kubwa. London kulikuwa na mchuuzi, Matthew Reed, aliyeuza skafu na vitu vya Arsenal nje ya uwanja wa Highbury tangu mwaka 1970. Klabu ikamshtaki. Akajitetea kwamba watu wananunua nembo ile kuonyesha mapenzi, na hawadhani skafu imetoka kwa klabu. Hata bango lake lilisema vitu vyake si rasmi. Jaji wa London alimwelewa. Mahakama ya Ulaya mwaka 2002 haikumwelewa, na mwaka 2003 rufaa ikaipa Arsenal ushindi.

Na kuna waliofika hadi kwa shabiki mwenyewe. Kombe la Dunia 2006, mjini Stuttgart, Waholanzi waliambiwa wavue suruali za rangi ya chungwa zenye jina la kampuni ya bia isiyokuwa mdhamini. Tiketi wanazo mkononi, wakaitazama timu yao ikicheza na Ivory Coast wakiwa na nguo za ndani. Hebu fikiria hayo yakitokea kwa Mkapa!

Hapa kwetu hatujafika huko. Lakini msako peke yake hautamvalisha mtu wa Mpanda. Mimi mwenyewe nilizunguka mjini kuitafuta orijino ili yaishe. Duka nililoelekezwa lilikuwa limebakiwa na saizi za watoto. Klabu ikitaka pesa ya shabiki wa Katavi, ipeleke jezi huko wiki ileile inayozinduliwa Dar, na iwepo moja ya bei ya chini, hata kama kitambaa si kile cha wachezaji.

Mwezi uliofuata mume wangu alikuja likizo. Kabla hata ya kuoga akanipa mfuko: jezi ya Yanga, orijino, saizi yangu. Mtu wa Simba, ameingia duka la Yanga! Anasema alivaa kofia na miwani asije akajulikana. Ile nyekundu ya elfu kumi na mbili anakimbilia asubuhi. Imeanza kuchuja, nembo inabanduka, na kila nikitaka kuifanya dekio anakataa.