Tarakimu Ishirini: Mita ya LUKU Hujuaje Kwamba Umelipa?

Je, wajua kwamba mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, haina habari yoyote kuhusu fedha uliyolipa? Mita nyingi za aina hiyo hazina laini ya simu, hazina intaneti, wala hazina njia ya kupokea ujumbe kutoka ofisi za shirika la umeme la TANESCO. Ukilipa shilingi 10,000 kwa simu, hakuna ishara inayotoka makao makuu kuja nyumbani kwako kuiagiza mita ikuongezee umeme. Hata hivyo, dakika chache baadaye unabonyeza tarakimu 20 zilizokuja kwenye meseji, mita inazikubali, uniti zinapanda na taa zinawaka. Ukikosea tarakimu moja, inakataa. Ukizirudia zilezile kesho, inakueleza kuwa zimekwisha kutumika. Jirani akizijaribu kwenye mita yake, anaambulia patupu. Kifaa kisichowasiliana na seva yoyote kinafahamu vipi nani amelipa, amelipia nini, na kama amekwisha kukitumia alicholipia?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu linagusa namna tunavyoielewa TEHAMA yenyewe. Neno hilo likitajwa, wengi wetu tunafikiria kompyuta, simujanja, runinga na mitandao ya kijamii, yaani vitu vyenye kioo na vinavyokula bando. Mita ya umeme haimo kwenye orodha hiyo. Lakini mfumo wa habari na mawasiliano hautambuliwi kwa kioo chake. Hutambuliwa kwa kazi yake: kupokea taarifa, kuichakata, kuihifadhi na kuifikisha kwa anayehusika bila kupotoshwa njiani. Kwa kipimo hicho, LUKU ni mojawapo ya mifumo ya TEHAMA iliyobuniwa kwa akili nyingi zaidi kati ya yote tunayoitumia kila siku, na ubora wake unatokana hasa na kile ambacho walioubuni waliamua kukiacha, yaani muunganisho wa kudumu.

Tuanze na safari ya malipo. Mnunuzi mwenye kitochi anapiga *150*00# au namba nyingine kama hiyo ya mtandao wake, na menyu inafunguka bila bando. Huduma hii hupita kwenye njia ambazo simu hutumia kupeana ishara na mnara, na kila ukurasa wa menyu hauzidi herufi 182. Ni teknolojia ya enzi za simu za kwanza za kidijitali, na ndiyo inayomwezesha mtu asiye na simujanja kulipia umeme akiwa shambani. Mnunuzi anaingiza namba ya mita na kiasi, kisha namba yake ya siri. Taarifa hiyo inafika kwenye seva za malipo, na huko ndiko shilingi zinakogeuzwa kuwa uniti baada ya kukatwa kodi na tozo. Baada ya hapo shilingi hazitajwi tena. Kitakachofika kwenye mita ni uniti tu, na ndiyo sababu serikali iliweza kuanza kukusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi wa LUKU mwaka 2021 bila fundi kugusa mita hata moja. Makato hufanyika kwenye seva, na mita hupokea kilichobaki.

Uzuri wenyewe umo ndani ya tarakimu hizo 20, ambazo huitwa tokeni na hazipangwi kiholela. Zinabeba biti 66, yaani sifuri na moja 66 zilizopangwa kwa utaratibu maalumu. Biti 2 zinasema tokeni ni ya daraja gani: ya kuongeza umeme, au ya kazi nyingine kama kubadili mipangilio ya mita. Biti 4 zinaeleza aina ya huduma, na 4 nyingine ni za nasibu, ili tokeni mbili za kiasi kimoja zisifanane. Biti 16 zinabeba idadi ya uniti, ikipimwa kwa sehemu ya kumi ya uniti moja. Biti 16 nyingine ni hesabu ya ukaguzi inayotokana na biti nyingine zote, nayo ndiyo inayokamata kidole kilichoteleza kutoka 6 kwenda 9. Zinabaki biti 24, na hizi zinabeba muda: dakika zilizopita tangu tarehe maalumu hadi dakika tokeni ilipotengenezwa. Mpangilio wa biti 66 unaweza kutoa namba mbalimbali zaidi ya trilioni milioni 73, na namba kubwa kiasi hicho huandikwa kwa tarakimu 20. Tarakimu 19 zisingetosha.

Kabla ya kuondoka kwenye seva, kifurushi hicho kinasimbwa kwa ufunguo wa siri wa mita moja tu. Ufunguo huo hutokana na namba ya mita yenyewe pamoja na namba za kundi la wateja na la bei, zikichanganywa na siri kuu inayotunzwa ndani ya vifaa maalumu vya ulinzi. Mita inao ufunguo uleule ndani yake. Tokeni kwa hiyo ni barua iliyofungwa kwa lakiri: anayeibeba haoni kilichoandikwa ndani, na anayeweza kuifungua ni mmoja tu. Mita ya jirani ikiifumbua kwa ufunguo wake inapata upuuzi, hesabu ya ukaguzi haikubali, na tokeni inakataliwa. Mita ya mwenyewe ikiifumbua inaona uniti na dakika ya kutengenezwa. Dakika hiyo inailinganisha na kumbukumbu yake ya angalau tokeni 50 za karibuni. Ikiikuta humo, inajua imekwisha kutumika. Ndiyo maana tokeni ya wiki iliyopita uliyoisahau kwenye simu inaweza kuingizwa hata baada ya ile ya jana, mradi haikuwahi kuingizwa.

Hapa ndipo inapoonekana hekima ya mfumo huu. Sehemu ya mwisho ya safari, ile kutoka kwenye simu hadi ukutani, ndiyo iliyo ghali na ngumu kuliko zote katika mawasiliano yoyote, nayo imekabidhiwa kwa binadamu. Na kwa kuwa ujumbe umefungwa, haijalishi binadamu huyo ataubeba vipi. Kijana aliyeko Mwanza anaweza kumnunulia mama yake umeme, akamsomea tarakimu kwa simu. Tokeni inaweza kuandikwa kwenye kipande cha karatasi na kupewa dereva wa basi. Mwizi akiiona, haimfaidii chochote. Mita ikiwa kwenye nguzo na rimoti ya kubonyezea tarakimu ikiwa ndani ya nyumba, kinachohitajika ni hizo mbili zielewane tu. Wataalamu wa usalama wa mifumo kwa kawaida humtaja mtumiaji kuwa ndiye tundu la kuvujia. Kwenye LUKU, mtumiaji ndiye waya wenyewe, na waya huo hauvuji.

Utaratibu huu haukuzuka kwa bahati. Ulibuniwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati shirika la umeme la nchi hiyo lilipokuwa na kazi ya kuunganisha mamilioni ya kaya zilizonyimwa umeme kwa miongo, kwenye maeneo yasiyo na simu wala anwani za kupelekea ankara. Chama cha kuusimamia kilianzishwa mwaka 1997, na baadaye ukawa kiwango cha kimataifa. Leo tokeni za tarakimu 20 zinatumika katika nchi nyingi za Afrika na nje yake. Mkenya anazinunua kwa namba ya malipo 888880, Mganda anaita huduma hiyo Yaka, Mzanzibari anaita TUKUZA. Ni teknolojia iliyozaliwa kutokana na mazingira ya Afrika, ikasafiri kwenda kwa wengine. Inasikitisha kwamba jambo hilo halifundishwi kwa fahari inayostahili kwenye madarasa yetu ya TEHAMA, ambako mwanafunzi hukariri aina za kompyuta za zamani asizoziona popote, huku mita iko ukutani kwao.

Atakayepinga atasema kwamba sifa hizi ni za teknolojia inayopitwa na wakati. Dunia inakwenda kwenye mita janja, ambazo hupokea uniti zenyewe bila mtu kubonyeza kitu, huripoti matumizi kila saa, na hulitaarifu shirika umeme unapoibwa au unapokatika. Hoja hiyo ina nguvu, na faida hizo ni za kweli. Mzee mwenye macho hafifu anayehangaika na tarakimu 20 gizani angeshukuru kupumzishwa. Lakini tujiulize mita janja inategemea nini. Inategemea mtandao wa simu uwepo pale ilipo, modemu yake iwe nzima, laini iwe imelipiwa, na seva iwe hewani. Mita ya umeme hutarajiwa kuishi miaka mingi, lakini mitandao ya simu huzeeka haraka: kizazi cha pili kilianza kuzimwa Australia na Marekani kati ya mwaka 2016 na 2017, na vifaa vilivyokitegemea vikabaki bila sauti. Kila kiungo kinachoongezwa kwenye mnyororo ni mahali papya pa kukatikia.

Ushahidi wa hilo tunao nyumbani. Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU ulipata hitilafu, na kwa siku kadhaa wateja nchini Tanzania walishindwa kununua umeme. Kilichoanguka ilikuwa sehemu iliyounganishwa, yaani ya seva na malipo. Mita hazikuanguka. Aliyekuwa na uniti aliendelea kupika na kusoma, na aliyekuwa na tokeni ambayo hajaiingiza aliiingiza ikakubali. Mamilioni ya vifaa viliendelea kufanya kazi sawasawa wakati makao makuu yakihangaika, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na akili yake ya kutosha. Udanganyifu nao umefuata mkondo huohuo. Afrika Kusini imesumbuliwa na tokeni haramu zilizotolewa kwa mashine halali za kuuzia zilizoibwa, maana ni rahisi kuiba mashine yenye siri kuliko kuvunja usimbaji wenyewe.

Kuna pingamizi lingine, na hili ndilo lenye uchungu. Wengine husema kwamba malipo ya kabla humwonea maskini: ankara humpa mtu siku za kujipanga, ilhali mita humkatia usiku wa manane, hasikilizwi na yeyote, na shirika halihesabu kwamba limemkatia. Ni kweli, na haifai kulipuuza. Lakini chanzo chake ni bei na sera, kwa kuwa tarakimu zilezile zinazombana mtu zinaweza kumsaidia. Kwa miaka mingi Afrika Kusini imezipa kaya maskini uniti 50 za bure kila mwezi kwa tokeni hizohizo. Tanzania imekuwa na bei nafuu kwa kaya zisizozidi uniti 75 kwa mwezi, nayo hukokotolewa kwenye seva kabla tokeni haijatoka. Shida kubwa zaidi ninaiona kwenye nyumba za kupanga, ambako mita moja hutumiwa na familia nne na kodi ya jengo la mwenye nyumba hukatwa kwenye umeme wa mpangaji. Mita haijui nani ni nani. Hilo linahitaji sheria na mita za kutosha, na hakuna usimbaji utakaolitatua.

Mfumo una kikomo chake pia. Zile biti 24 za muda haziwezi kuhesabu zaidi ya dakika 16,777,216, ambazo ni kama miaka 32. Kwa kuwa hesabu ilianzia tarehe 1 Januari 1993, ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikusasishwa kabla ya siku hiyo haingekubali tena tokeni mpya. Makumi ya mamilioni ya mita duniani zilitakiwa kubadilishwa, na ilibainika kwamba hazikuhitaji fundi kupita mlango kwa mlango kwa wateja wote. Wengi walitumiwa makundi ya ziada ya tarakimu 20, yaliyobeba ufunguo mpya wa kuendana na hesabu mpya ya muda, ufunguo ambao kwa ukubwa wake haukutosha kwenye tokeni moja, wakayabonyeza wenyewe kabla ya kuingiza umeme. Sidhani kama kuna mfumo mwingine wa TEHAMA katika eneo letu uliowahi kusasishwa kwa vidole vya wateja wake kwa kiasi hicho.

Kwa hiyo wito kwa wanaoandaa zabuni za mita janja ni mmoja: msiziondoe batani. Mita ipokee uniti kwa mtandao pale mtandao upo, na ikubali tarakimu 20 pale haupo. Na wanaotunza kumbukumbu za mashirika yetu ya umeme waiandike tarehe hii sasa: kwa mita zilizohamishiwa kwenye hesabu mpya inayoanzia mwaka 2014, biti 24 zitajaa tena tarehe 24 Novemba 2045.