Mwendelezo Unaovunja Kanuni: Mapokezi ya Mchezo wa Zelda II na Upeo wa Matarajio ya Hadhira

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza suala moja la mapokezi, nalo ni hili: kwa nini hadhira iliyoipenda kazi ya kwanza hugawanyika inapoletewa mwendelezo unaobadili kanuni za kazi hiyo? Mfano utakaotumika umetoka katika michezo ya video, utanzu mchanga unaochanganya masimulizi, picha, muziki na utendaji wa mchezaji mwenyewe. Mchezo wenyewe ni Zelda II: The Adventure of Link, uliotolewa na kampuni ya Nintendo nchini Japani mnamo Januari 1987, ukiwa mwendelezo wa The Legend of Zelda wa Februari 1986.

Aghalabu mgawanyiko wa aina hii huelezwa kuwa ni ugomvi kati ya wahafidhina na wapenda mabadiliko. Katika makala haya tunadai kuwa maelezo hayo hayatoshi. Kile kinachoitwa kanuni ya kazi ni fungu la ahadi kadhaa, na kila mpenzi huwa ameishika ahadi yake.

2.0 Kanuni Iliyozoeleka

Katika mhadhara wake wa mwaka 1967 huko Konstanz, Ujerumani, Hans Robert Jauss alitumia dhana ya upeo wa matarajio. Kwa mujibu wa dhana hiyo, msomaji haikabili kazi akiwa mtupu. Huja na mazoea aliyoyapata katika kazi zilizotangulia, na kwa mazoea hayo huipima kazi mpya. Mwendelezo ndipo mahali ambapo dhana hii hujionyesha waziwazi zaidi, kwa kuwa jina lake lenyewe humkumbusha mpokeaji kazi anayopaswa kuilinganisha nayo.

Je, The Legend of Zelda ulijenga matarajio gani? Ulibuniwa na Shigeru Miyamoto pamoja na Takashi Tezuka. Mchezaji huitazama nchi ya Hyrule kutoka juu, kama atazamaye ramani, na kumwongoza mhusika Link kokote atakako. Haelezwi mengi. Kichaka fulani kikichomwa, njia hufunguka. Ukuta fulani ukilipuliwa, pango hujitokeza. Nguvu za mhusika hukua kutokana na vitu anavyovipata au kuvinunua. Kwa hiyo mchezo ule ulitoa ahadi tatu: uhuru wa kutangatanga, thawabu kwa udadisi, na mtazamo wa juu unaomwezesha mchezaji kuyaona mazingira yake kwa jumla.

3.0 Kanuni Iliyovunjwa

Zelda II ulihifadhi mhusika, nchi na binti mfalme anayepaswa kuokolewa, bali ulibadili karibu kila kitu katika fani. Nchi bado huonekana kutoka juu wakati wa safari. Lakini Link akikutana na adui, au akiingia mjini, pangoni au katika kasri, mtazamo hugeuka na kuwa wa ubavuni. Hapo hulazimika kuruka, kuinua na kushusha ngao, na kuchoma upanga kwa wakati unaofaa. Adui akiuawa, mchezaji hupata alama za uzoefu, nazo humpandisha daraja katika mambo matatu: mashambulizi, uganga na uhai. Sarafu na maduka ya mchezo wa kwanza yaliondolewa. Fauka ya hayo, mhusika alipewa idadi maalumu ya maisha. Yakiisha, mchezaji hupoteza alama alizokuwa akizikusanya na, kwa kawaida, hurudishwa katika kasri la mwanzo.

Athari ya mabadiliko hayo haikuwa ya sura tu. Mchezo wa kwanza ulimtuza zaidi mdadisi. Wa pili ulimtuza zaidi mstahimilivu mwenye mkono mwepesi.

4.0 Mapokezi Yenye Pande Mbili

Ikumbukwe kwamba Zelda II haukukataliwa sokoni. Mchezo wa kwanza uliuza zaidi ya nakala milioni 6, na wa pili zaidi ya milioni 4. Hata hivyo, kadiri mfululizo ulivyorefuka, mchezo huu ulipata sifa ya kuwa mtoto wa pembeni katika ukoo. Wapo wanaoulaumu kwa ugumu wake na kwa kumrudisha mchezaji nyuma; wapo pia wanaousifu kwa mapambano yake, wakisema kuwa hakuna mchezo wa awali wa ukoo huo ulioufanya upanga kuwa sanaa kama ulivyofanya huu.

Tukizipima kauli hizo kwa makini, tunaona kuwa pande hizi mbili hazizungumzii jambo moja. Anayelalamika ameshika ahadi ya udadisi, na hasara anayoidai ni ya kweli. Anayesifu ameshika ahadi ya ujasiri wa shujaa, ambayo kwake ilitimizwa kuliko mwanzo. Aidha, pande zote mbili huweza kukaa ndani ya mpenzi mmoja, akaupenda mchezo huku akiulaumu. Hii ndiyo maana halisi ya hisia mseto.

5.0 Hatima ya Ubunifu Uliolaumiwa

Mchezo wa tatu, A Link to the Past, ulitolewa Japani mwaka 1991. Ulirudisha mtazamo wa juu, sarafu na utafutaji wa siri, ukaacha alama za uzoefu. Kwa haraka mtu angesema kuwa jadi ilishinda. Lakini kipimo cha nguvu za uganga, kilichoanza katika Zelda II, kilibaki. Vilevile katika Ocarina of Time wa mwaka 1998, majina ya wenye hekima watano, yaani Rauru, Saria, Darunia, Ruto na Nabooru, ni majina ya miji ya Zelda II. Hali kadhalika, kivuli cha Link anayepigana na nafsi yake, kilichokuwa pambano la mwisho la mchezo wa 1987, kilirejea katika mchezo huo. Hivyo kazi iliyowekwa pembeni iligeuka kuwa ghala ambalo jadi yenyewe ilichota humo.

6.0 Hitimisho

Mhakiki wa Kiswahili hatauona mjadala huu kuwa mgeni. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974, wanajadi na wanamabadiliko walibishana vikali iwapo utungo usio na vina na mizani unastahili kuitwa shairi. Huko nako kanuni ilitetewa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali baadhi walikuwa wakitetea uimbikaji, wengine ufundi wa mtunzi, na wengine urithi wa jamii.

Tunapendekeza, basi, kwamba uhakiki wa kazi inayovunja kanuni usianze na swali la iwapo kazi hiyo ni halali. Uanze kwa kuuliza ni ahadi ipi iliyovunjwa, ni ipi iliyotimizwa, na ni nani aliyekuwa ameishika kila moja. Hukumu itolewayo kabla ya maswali hayo hueleza mazoea ya mhakiki kuliko inavyoieleza kazi anayoihakiki.