Jina la Chuo na Uzito wa Ada: Kusomea Uzamili wa Ustawi wa Jamii Marekani

Shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii, inayojulikana Marekani kwa kifupi cha MSW, ndiyo inayomfungulia mtu milango ya kazi ya afya ya akili, ustawi wa wagonjwa hospitalini, na uongozi katika idara za ulinzi wa watoto. Husomwa kwa miaka miwili, na aliye na shahada ya kwanza ya fani hiyohiyo huweza kuimaliza kwa mwaka mmoja hivi. Shahada ni moja, lakini bei zake zimepishana mno. Chuo cha umma humtoza mkazi wa jimbo ada ya kadiri. Chuo binafsi chenye jina kubwa kinaweza kumdai zaidi ya dola 100,000 kwa miaka hiyo miwili, kabla ya kodi ya chumba na chakula.

Majina hayo hayakuzuka hivihivi. Shule ya Columbia, New York, huhesabu mwanzo wake kuanzia mafunzo ya kiangazi ya mwaka 1898. Ile ya Chicago ilianza 1908 na ikaingizwa katika University of Chicago mwaka 1920. Edith Abbott, mkuu wake kuanzia 1924, alishikilia kwamba fani hii isomwe pamoja na sheria, takwimu na utafiti, isiwe kazi ya huruma peke yake. Sifa za namna hiyo hudumu miaka mingi. Ila orodha ya ubora ya U.S. News, ambayo waombaji wengi huitazama kwanza, hupanga shule za ustawi wa jamii kwa kuuliza maoni ya wakuu na wahadhiri wa shule nyingine basi. Ada haimo katika hesabu hiyo, wala mishahara ya wahitimu, wala ufaulu wao katika mitihani ya leseni. Ni orodha ya nani anamsifu nani.

Jambo linalopunguza nguvu ya jina katika fani hii ni leseni. Ithibati ya shahada hutolewa na baraza moja la kitaifa, CSWE, lililoanzishwa mwaka 1952, na ndilo linaloweka masharti ya chini kwa shule zote. Mhitimu akiomba leseni, bodi ya jimbo hutaka kujua kama shule yake ina ithibati. Haiulizi ni ya ngapi kwenye orodha. Mtihani nao hutungwa na chombo kimoja, ASWB, kwa majimbo yote. Anayetaka leseni ya kutibu wagonjwa wa akili kwa kujitegemea hufanya kazi kwanza chini ya msimamizi: California, kwa mfano, hudai saa 3,000 katika wiki zisizopungua 104. Aliyesoma chuo cha ada ndogo na aliyesoma chuo cha ada kubwa hujaza fomu zilezile za saa. Katika idara za serikali, ambako daraja la mshahara hupangwa kwa shahada na miaka ya kazi, jina la chuo halimwongezei mtu senti.

Mshahara wenyewe si mkubwa. Mwaka 2024 mshahara wa kati wa wafanyakazi wa ustawi wa jamii ulikuwa kama dola 61,000 kwa mwaka, na anayeanza hupata pungufu ya hapo. Chukua wahitimu wawili wanaolipa mkopo kwa miaka kumi, riba ikiwa asilimia 8, ambayo iko karibu na ile ya mikopo ya serikali kwa uzamili ya mwaka wa masomo 2025–26. Aliyekopa dola 25,000 atakatwa kama 303 kila mwezi. Aliyekopa 100,000 atakatwa zaidi ya 1,200. Kwa anayepokea dola 4,000 kwa mwezi kabla ya kodi, mkopo wa pili humeza karibu theluthi ya kipato. Mwaka 2021 gazeti la The Wall Street Journal liliripoti kwamba wahitimu wa fani hii waliokopa serikalini wakisoma University of Southern California walikuwa na deni la kati la dola 112,000, huku nusu yao wakipata dola 52,000 au pungufu kwa mwaka, miaka miwili baada ya kuhitimu.

Ipo gharama nyingine isiyoandikwa kwenye ankara. CSWE hutaka kila mwanafunzi wa uzamili afanye mafunzo kwa vitendo yasiyopungua saa 900, na mengi hayana malipo. Akienda kituoni siku mbili kwa wiki, saa 16, anahitaji kama wiki 56 kuzimaliza. Wiki hizo mtu mwenye watoto au kazi ya mchana hupunguza saa za kibarua, hulipa mlezi na nauli, na pengine hulazimika kuacha kazi yenye bima. Mwombaji mwerevu huuliza mapema kama shule inakubali saa hizo zifanyiwe kwa mwajiri wake, kama kuna vituo vya jioni, na nani hutafuta kituo, shule au mwanafunzi. Chuo cha bei nafuu kinachompeleka mtu mwendo wa saa moja na nusu kwenda kituoni huenda kisiwe nafuu tena.

Jina lina faida mahali pake. Anayelenga shahada ya uzamivu, utafiti, au kazi za kutunga sera Washington hufaidika na wahadhiri wanaojulikana na wahitimu waliotangulia. Vilevile shule tajiri zina mifuko ya ufadhili, hivyo ada iliyotangazwa mara nyingi siyo inayolipwa. Waliopokelewa hulinganisha barua za ufadhili, na wengine huomba kuongezewa na hupewa. Majimbo mengi pia hutumia fedha za shirikisho za Title IV-E kuwalipia wanafunzi wanaokubali kufanya kazi ya ulinzi wa watoto kwa muda uliopangwa baada ya kuhitimu. Kwa aliye tayari kwa kazi hiyo, mpango huu hushinda jina lolote.

Msamaha wa mikopo kwa watumishi wa umma, uliowekwa kisheria mwaka 2007, hufuta deni lililobaki baada ya malipo 120 kwa anayefanya kazi serikalini au katika shirika lisilo la faida. Wengi huutumia kuhalalisha ada kubwa, lakini unadai miaka kumi ya utumishi. Sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeibana mikopo yenyewe: kuanzia Julai 2026 wakopaji wapya wa uzamili wa kawaida hawazidishi dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla, na mkopo wa ziada wa Grad PLUS umeondolewa kwao. Tafsiri ya sheria hiyo iliyopendekezwa na Wizara ya Elimu mwishoni mwa 2025 haikuuweka ustawi wa jamii kati ya fani zinazoruhusiwa kikomo kikubwa zaidi. Chuo kikidai dola 50,000 kwa mwaka, pengo litazibwa na mfuko wa familia au benki binafsi.

Kwa mwombaji kutoka Dar es Salaam au Nairobi hesabu ni tofauti. Mwenye viza ya mwanafunzi hapati mikopo ya shirikisho, kwa hiyo ufadhili wa chuo ndio karibu kila kitu. Shahada yake ya kwanza, ikiwa ni ya fani hii, inaweza kutathminiwa na CSWE, na baadhi ya shule humruhusu baada ya hapo kuingia katika mkondo wa mwaka mmoja, jambo linalopunguza ada kwa nusu hivi. Mafunzo kwa vitendo huhitaji kibali kwenye karatasi zake za viza, hata kama halipwi. Baada ya kuhitimu huruhusiwa kwa kawaida miezi 12 tu ya kazi, muda usiotosha kumaliza wiki 104 za California. Asiye na njia nyingine ya kubaki, kama mwajiri wa kumwombea viza, anapaswa kukipima kila chuo kwa thamani ya shahada yake itakapotumika nyumbani.