Muzee wa Jirani ni Masomo Mengine



Katika balabala yetu kuna muzee anayekaa peke yake. Usiku mwanga wa buluu unaonekana juu ya ukuta wa lupango lake. Watoto walisema yeye ni muloji, wakapita pale mbio. Nami nilisema hivyo, bila kuuliza mtu.

Mwaka huu miguu ya viti vya chuma darasani mwetu ilivunjika, tukaketi watatu watatu. Mama akaniambia: «Enda kwa ule kambo. Alitumika Gécamines miaka mingi, kazi ya kuunga vyuma.» Nilienda na woga. Kumbe mwanga ule ni wa kazi yake! Kwetu umeme mara nyingi unarudi usiku, ndipo naye anatumika.

Aliangalia kiti kimoja akasema kwamba fundi wa kwanza aliunga juu ya kutu. Alitufundisha hivi. Kwanza, sugua chuma mpaka king'ae. Pili, kamata vipande kwa nukta ndogo ndogo, huku na huku, halafu pima kama vimenyooka. Ukiunga upande mmoja wote kwa mara moja, moto unavuta chuma na kiti kinapinda. Tatu, acha kipoe chenyewe, usimwage maji. Na usiangalie ule mwanga bila kioo cheusi, unaunguza macho.

Wazee kama yeye ni wengi mujini. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na tanuri la Lubumbashi likaanza kutoa shaba mwaka 1911. Kisha kampuni ikawa mali ya serikali, ndiyo Gécamines. Humo watu walijifunza kuunga vyuma, kuchonga mbao, kutengeneza moteri, kuuguza wagonjwa. Miaka 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari. Kazi ilikwisha, lakini ufundi walirudi nao nyumbani. Uko katika malupango yetu, na kila matanga yanapopita, sehemu yake inazikwa.

Wakubwa waliona jambo hili. Mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzisha kazi iitwayo Mémoires de Lubumbashi, ya kukusanya ukumbusho wa wakaaji wa muji. Lakini profesa hawezi kufika kila lupango. Sisi tunaweza.

Tuanze namna gani? Usiende na maneno matupu, peleka kitu kilichoharibika. Usimwachie muzee kazi yote, toa mikono yako. Andika anachosema katika daftari. Tena umusaidie naye: kambo wetu haoni vizuri maandishi ya telefone, basi tunamusomea habari za feza anazotumiwa na watoto wake, na tunamuchotea maji. Hivyo hakuna anayeomba bure, na hakuna anayetoa peke yake.

Siku ya kiti cha mwisho nilimwomba musamaha. Alikuwa anajua zamani jina tulilomupa. Alisema: «Muloji anaharibishaka, mwana. Miye ninaungaka.» Kisha akacheka, akaniomba nimupe nyundo. Mimi sikucheka. Niliwaza miaka yote ile ambayo alisikia watoto wakipita mbio ukutani kwake, wala hakuna aliyepiga hodi.

Ndugu zangu, tumefundishwa kusimama muzee anapopita. Ni vizuri. Lakini tujifunze vilevile kuketi naye. Viti vyetu 11 vimepona, na nguvu ya kuvitengeneza tena iko mikononi mwetu. Miye nitamaliza masomo mwaka huu. Ninyi mutakaobaki, musiache mulango wake ufungwe.

Musimamizi wa wanafunzi,
darasa la mwisho